Kesi ya Kassaru

Ukisimamishwa na Koplo Akidi pale kwenye makutano ya Bugolobi, usijaribu kumpa maelezo mafupi. Dereva akisema, "Samahani afande, sikuona taa," yeye humrudisha mwanzo: ametoka wapi, ameamka saa ngapi, taa hiyo aliitarajia upande gani. Madereva wengine waliona heri wazunguke njia ya viwandani kuliko kusimuliana na yule mama wa sare nyeupe juani. Akidi hakuwa mkali. Alipenda tu kusikia kisa chote kabla ya kuandika lolote, na tabia hiyo aliipata kwa baba yake, ingawa baba mwenyewe angekuwa wa kwanza kuikana.

Baba yake alikuwa Sajini Okullo, mstaafu, Mwacholi wa Kitgum, mtu ambaye mgongo wake ulikataa kuzeeka. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwendesha mashtaka wa polisi katika mahakama ndogo za Kampala. Aliwapeleka ndani wezi wa kuku, wapika pombe haramu na waume wenye mikono myepesi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona akitabasamu. Alipostaafu alijenga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kambi ya polisi ya Nsambya, akapanda sukumawiki, akakaa wiki mbili, kisha akaanza kuugua kwa kukosa watu wa kushtaki. Kilichomponya ni sinema.

Ng'ambo ya ua wa kambi kulikuwa na kibanda cha sinema, mabati juu, mabati pembeni, mali ya Mkenya mmoja wa Bungoma aitwaye Masinde. Masinde alikuja Kampala kuuza vipuri vya magari, vipuri vikamtupa mkono, akanunua televisheni kubwa na spika mbili, na toka hapo mambo yake yakanyooka. Kila Jumapili alasiri kambi nzima ilihamia kwake. Sasa, ubaya wa kuwaweka polisi sabini katika kibanda kimoja ni kwamba sinema ikiisha, hasira zinabaki. Siku moja watu wazima wawili, mmoja ana mistari mitatu begani, walishikana mashati wakibishana kama adui wa sinema alistahili kufa. Okullo, aliyekuwa amekaa nyuma, akasimama na kupiga benchi kwa fimbo yake.

"Nyinyi ni polisi ama ni ng'ombe?" akafoka kwa Kiswahili chake cha kambini. "Kama mtu iko na makosa, fungua faili!"

Hivyo ndivyo zilivyoanza kesi za Jumapili. Adui wa sinema hushtakiwa rasmi. Okullo anaendesha mashtaka, mtu mwingine anamtetea, na Masinde ni hakimu, kwa sababu si polisi wala si mtu wa kaskazini, kwa hiyo hana jamaa upande wowote. Swali ni moja: huyu ni adui au si adui? Mashahidi wanaruhusiwa, hata ndugu wa damu, maana ukiwazuia ndugu katika kambi ile mabenchi yatabaki matupu, ila shahidi lazima awe ameiangalia sinema humo humo kibandani, mwanzo mpaka mwisho. Hukumu hutolewa kwa makalio: anayesema ni adui anabaki mabenchi ya kushoto, anayesema si adui anahamia kulia, na Masinde anahesabu vichwa. Halafu kuna kanuni ya mwisho, ile iliyowafanya wanawake wa kambi waipende mahakama hii. Aliyeshindwa huwaalika mshindi na mashahidi wake nyumbani kwake ndani ya siku kumi na nne, akawapikia na kuwaandalia kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna kumtuma mke, hakuna kununua hotelini.

Kanuni hizo aliziandika Okullo, akazibandika mlangoni. Katika miaka tisa aliendesha kesi arobaini na ushei na hakushindwa hata moja. Alikula kuku wa karibu kila nyumba pale kambini. Kwake mwenyewe hakuna aliyewahi kukaribishwa kwa sababu ya kesi, na chungu chake cha wageni kilikaa kabatini hakijaguswa na moshi.

Halafu ikaja *Walinzi wa Zarua*.

Kampala ilipagawa, nisikudanganye. Sinema ya watu weusi watupu, wenye mavazi ya kung'aa, wanaruka juu ya milima na kunyanyua magari kwa mkono mmoja, tena lugha zao na ngoma zao zimo ndani. Vinyozi walikata nywele za Zarua. Mafundi wa Nateete walishona fulana za Zarua mpaka uzi ukaadimika. Bibi harusi mmoja aliingia kanisani kwa ngoma ya Zarua, padri akaduwaa na kitabu mkononi. Walinzi wa flati za Bugolobi wakawa wanapokezana zamu kwa saluti ya Zarua, wanaume wazima na ndevu zao. Nuriat, aliyeuza chapati mlangoni kwa Masinde na ambaye mumewe alikuwa dereva wa polisi, alitoka na machozi.

"Banange!" alisema. "Mara ya kwanza naona mtu wa rangi yangu anaokoa dunia, na hata hajakufa dakika ya kumi!"

Lakini hawakubishana sana juu ya stelingi. Stelingi alikuwa kijana mzuri, kifua kipana, hana neno. Ubishi wote ulimhusu adui, Kassaru. Kassaru alizaliwa Zarua, mji uliofichwa nyuma ya maporomoko ya maji. Wavamizi wanawateka watoto kumi na wawili wa mji huo, naye akiwa mmoja wao, na wazee wa Zarua badala ya kuwafuata wanafunga geti ili mji usijulikane ulipo. Kassaru anakulia mikononi mwa wavamizi, anafundishwa kuua, anatoroka akiwa mtu mzima na kurudi kwao peke yake. Wanamfungulia. Wanampa nyumba ya pembeni. Mwaka mmoja baadaye anaondoka bila kuaga, na anaporudi safari hii ana jeshi nyuma yake. Stelingi anamuulia darajani. Pale daraja linapoporomoka, nusu ya kibanda walishangilia na nusu walilia, na waliolia waliona haya kulia mbele ya wenzao.

Akidi aliiangalia mara ya kwanza akiwa amesimama mlangoni na chapati mkononi. Chapati ile hakuimaliza. Alikuwa na kaka, jina lake Kidega Bonny, na kwa Akidi hadithi ya Kassaru haikuwa ngeni hata kidogo.

Bonny alikuwa na miaka kumi na miwili, yeye kumi, walipopelekwa likizo kwa bibi yao Kitgum. Waasi walikuja. Akidi alikuwa amelala nyumba ya shangazi upande wa pili wa kijito, Bonny kwa bibi, na tofauti ya maisha yao ni hiyo tu, kijito ambacho mbuzi anaruka. Bonny alikaa porini miaka sita. Mama yao alikufa katikati ya miaka hiyo akiwa bado anampigia pasi shati lake la shule. Bonny alipotoroka alipokelewa Gulu, kwenye kituo cha waliotekwa na waasi, akatibiwa, akafundishwa ufundi, akapanda basi mpaka Kampala, akagonga mlango wa baba yake. Wiki ile ile Okullo alikuwa amewazika polisi wanne wa kambi yake, waliouawa na waasi hao hao barabarani. Alifungua mlango, akamtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema neno moja.

"Siwezi."

Akafunga. Imepita miaka zaidi ya ishirini. Hasira ilikuwa imekwisha zamani, Akidi aliliona hilo. Kilichobaki ni aibu ya kuwa alifunga, na aibu ya mzee wa aina ile ni ngumu kuliko hasira yake. Padri alijaribu mara mbili akatolewa nje kwa heshima. Akidi alilia, akanuna, akahama nyumba ya baba akaenda kukaa kwenye kota yake ya koplo. Okullo angeweza kumkatalia binti, padri na ukoo mzima. Kitu kimoja hakuwahi kukivunja maishani mwake, nacho ni kanuni iliyoandikwa.

Kwa hiyo Okullo alipotangaza kwamba Jumapili inayofuata atamshtaki Kassaru, na Masinde akauliza nani atamtetea, na watu wote wakajifanya wanatafuta viatu vyao chini ya benchi, Akidi aliinua mkono.

"Mimi," akasema.

"Koplo," baba yake akamjibu, "utanipikia mboga ya malakwang. Usiweke chumvi mingi."

Watu wakacheka. Akidi naye alicheka, lakini mkono hakuushusha.

Kesho yake alikwenda Nateete. Bonny alikuwa na meza yake ukingoni mwa soko, anatengeneza cherehani, na kwa kuwa fulana za Zarua zilikuwa zimewachosha mafundi na mashine zao, kazi ilimfurika. Akidi alimweleza mpango wote bila kuficha: wakishinda, kanuni itamlazimu mzee kumwalika na shahidi nyumbani kwake. Bonny aliendelea kukaza skrubu.

"Mimi sitaki kusimama mbele ya polisi," alisema mwishowe. "Nilishasimama ya kutosha."

"Hakuna mtu atakuuliza mambo yako. Ni sinema tu. Wewe umeiona?"

"Mara tatu," Bonny alikiri, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Yule Kassaru, bambi, maskini. Pale anakaa kwa ile nyumba ya pembeni na hakuna mtu anakula na yeye. Hiyo sehemu walifanya vizuri sana. Sijui nani aliwaambia."

"Basi kuja useme hivyo."

"Na tukishindwa?"

"Tukishindwa nitampikia mzee malakwang, na wewe utarudi kwa cherehani zako. Utapoteza nini?"

Bonny alijua angepoteza nini. Alikuwa ameshaufukia msiba ule, na sasa dada yake alikuwa anamtaka aufukue mbele ya kambi nzima. Alipangusa mikono yake kwa tambara, taratibu, kidole kwa kidole, kisha akauliza sinema inaanza saa ngapi.

Jumapili hiyo Masinde alipanga kufungua kuta mbili za mabati sinema ikiisha, ili waliokosa nafasi wasikilize kesi wakiwa nje. Sinema ilionyeshwa upya kwa ajili ya mashahidi. Bonny aliingia giza lilipoingia kibandani, akakaa benchi la nyuma, na taa zilipowashwa wazee wachache walimtambua wakaanza kukohoa. Okullo alikuwa mbele, amevaa koti lake la mahakamani, faili mkononi. Hakugeuka.

Mashtaka aliyasoma bila karatasi.

"Mheshimiwa, moja: aliua walinzi kumi na sita. Mimi nilihesabu. Mbili: alichoma ghala ya chakula, na watoto wakalala njaa. Tatu: alishika silaha juu ya nchi yake mwenyewe. Watu watasema alipata shida akiwa mtoto. Kweli, alipata. Lakini hapa kambini tuko na wajane. Uende uulize mmoja, bwana yako aliuawa, wewe utafurahi ukisikia muuaji alikuwa na utoto mbaya? Mtu mzima anachagua. Wale watoto wengine kumi na moja hawakuleta jeshi. Huyu ndiye alileta. Huyu ni adui."

Ilikuwa hotuba nzuri, na kilichoifanya nzuri ni kwamba ilikuwa ya kweli. Mama Atoo, mjane wa mmoja wa wale wanne waliozikwa wiki ile, alikuwa amekaa benchi la kwanza kushoto, mikono magotini. Akidi alimwona.

Alisimama. "Mheshimiwa," alianza, "afande anaanza hii hadithi katikati. Mimi kwa barabara sikubali mtu aanze katikati. Gari haigongi tu. Ilitoka mahali."

Akairudisha kesi mwanzo. Aliwakumbusha kwamba wazee wa Zarua walijua majina ya wale watoto kumi na wawili, na wakayafuta kwenye jiwe la mji usiku ule ule. Aliwakumbusha kwamba mara ya kwanza Kassaru alirudi peke yake, hana hata kisu. Akasema hakatai wale walinzi kumi na sita, na hakatai machozi ya mjane yeyote, anachouliza ni kwamba kama kosa lina wazazi wawili, kwa nini kesi inamshika mmoja. Muuza simu mmoja kutoka Eldoret, Travis, alidakia kutoka nje kwamba hiyo yote ni stori ya watu wa ng'ambo, wametengeneza Afrika yao ya kuuzia, sisi tunapigana bure. Nuriat akamjibu kwamba aliyepika ni mgeni ndiyo, lakini njaa iliyoshiba ni yake, na Masinde akagonga meza kutaka utulivu.

"Upande wa utetezi iko na shahidi?"

"Iko na mmoja. Kidega Bonny."

Minong'ono ilipita kibandani kutoka benchi la mbele mpaka nje. Bonny alikuja mbele, akaweka mkono juu ya spika, maana ndicho kiapo cha pale, akaapa. Okullo alikuwa anatazama faili lake, ambalo halikuwa na kitu ndani. Akidi alimuuliza kaka yake maswali mawili tu, kama Kassaru alipewa nyumba, akasema alipewa. Kama kuna mtu alikula naye, akasema hakuna hata mmoja, mwaka mzima. Kisha Akidi akakaa. Zamu ikawa ya mwendesha mashtaka.

Okullo aliinuka. Alizungumza akitazama juu kidogo ya kichwa cha shahidi.

"Shahidi. Uliona geti ikifunguliwa?"

"Niliona, afande."

"Ngoma ilipigwa?"

"Ilipigwa."

"Mfalme mwenyewe alishuka chini kwa ngazi, akamsalimia?"

"Alishuka."

"Basi waambie korti!" Okullo akapandisha sauti. "Geti walifungua, ngoma walipiga, nyumba walimpa. Nini ilibaki?"

Mwendesha mashtaka hamuulizi shahidi swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Okullo aliwakaririsha makonstebo wengi somo hilo, na miaka ishirini na miwili hakulikosea. Siku ile alilikosea. Labda ni kwa sababu alikuwa hataki kumtazama aliyekuwa anamuuliza.

"Yai," Bonny akasema.

Watu waliangua kicheko. Masinde alisogea mbele kwenye kiti chake. "Yai gani? Ya kukaanga?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi niliangalia hii sinema mara tatu, na ya leo ni nne. Kila mara akifika kwa geti naangalia chini, kwa mguu yake. Natafuta yai. Haiko." Bonny akamgeukia baba yake. "Lakini mimi nilitoka nyumbani nikiwa mtoto, hiyo desturi sikufundishwa mpaka mwisho. Afande hapa ni mzee wa Acholi. Yeye anajua. Yeye aeleze korti."

Kicheko kilikatika. Waacholi waliokuwa kibandani walikuwa wameshaelewa, na wengine wote walielewa kwamba kuna jambo. Okullo angeweza kukataa. Hakuna kanuni inayomlazimisha mwendesha mashtaka kumjibu shahidi. Akidi alimwona akifungua mdomo kusema hivyo hasa. Kisha akamwona akiufunga, akaweka faili mezani, na kumgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, ni kweli hiyo desturi iko," alisema. "Kwetu, mtu akienda mbali siku mingi, tena mahali mbaya, akirudi haingii tu. Unaweka yai mbichi mlangoni, juu ya tawi ya mti inaitwa opobo. Ile mti inateleza, inaosha. Anakanyaga yai kwa mguu, yai inapasuka, ndiyo anaingia."

"Kwa nini yai?" Masinde aliuliza. Mkenya yule sasa alikuwa anauliza kwa kutaka kujua kweli.

"Kwa sababu yai haina mdomo. Haijasema mbaya juu ya mtu yeyote."

"Na akishakanyaga?"

"Imeisha. Hakuna mtu atamrudishia tena mambo ya huko alikotoka. Ni mtoto wa nyumba."

"Asipokanyaga?"

"Bado iko nje," alisema. "Hata ukimpa kitanda ndani, bado iko nje."

"Na kuweka hiyo yai, ni kazi ya nani? Ya yeye ama ya nani?"

Hapo sauti ya mzee ilishuka, lakini haikutetereka. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeapa zamani kusema kweli mbele ya mahakama, na hajawahi kuuliza kama mahakama yenyewe ni ya mabati.

"Ni kazi ya wenye nyumba," alisema. "Nimemaliza, mheshimiwa."

Akakaa. Akidi alikuwa na hotuba ya mwisho, kurasa mbili, ameiandika usiku tatu mfululizo. Aliikunja akaitia mfukoni. Masinde akaita mabenchi, na aliyeinuka wa kwanza ni Nuriat, chapati zake kichwani, akahamia kulia bila kumtazama mumewe. Mumewe akamfuata. Wakafuata makonstebo, wakafuata wake zao, wakafuata wazee wa kaskazini mmoja mmoja wakijipangusa pua. Mama Atoo hakuhama. Alibaki kushoto kwenye benchi lake, na wachache nyuma yake, na Akidi hakumlaumu. Alikwenda akamwamkia, na yule mama akampa mkono. Hesabu ilikuwa hamsini na tatu kulia, kumi na tisa kushoto. Kassaru si adui. Sajini Okullo ameshindwa kesi.

Makelele yaliyolipuka yalisikika mpaka hospitali ya misheni, na masista nao hawakuja kulalamika. Akidi alibebwa juu juu, mama mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye cheo, akizungushwa kibandani mara mbili. Kutoka kule juu alimtafuta kaka yake, akamwona amesimama pale pale penye spika, hajui aweke wapi mikono yake. Akamtafuta baba yake. Okullo alikuwa anatia sahihi daftari la Masinde.

"Korti imesema," alisema tu. "Nitawaita."

Siku zikaanza kupita. Akidi alingoja Jumatano, hakuitwa. Akangoja Jumamosi, ukaja ujumbe kwamba mzee anasema bado. Wiki ya pili ilipofika katikati alishindwa kuvumilia, akaenda na sare yake nyeupe moja kwa moja kutoka zamu. Alimkuta baba yake uani, anabishana kwenye simu na mpwa wake wa Kitgum, Ojera, akimwita mjinga asiyejua kulia na kushoto. Alikata simu alipomwona binti yake.

"Mzee, kanuni inasema siku kumi na nne."

"Najua nini kanuni inasema, Koplo. Mimi niliiandika. Kumi na nne haijaisha."

Alirudi kota amekasirika kiasi cha kushindwa kula. Aliwaza kwamba baba anatafuta mlango wa kutokea, ugonjwa wa ghafla, msiba wa mbali, kasoro fulani katika kanuni zake mwenyewe. Usiku wa siku ya kumi na tatu simu yake iliita. "Kesho, saa saba," sauti ikasema. "Wewe na shahidi yako."

Bonny alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Walitembea kutoka kambini, na nyuma yao, kwa umbali wa adabu, kambi nzima ikawa na shughuli za ghafla njia ile ile. Nuriat alikuwa amebeba mtungi mtupu. Masinde alikuwa hana hata kisingizio, alifuata tu.

Harufu ya malakwang na siagi ya karanga ilikuwa imejaa uani. Okullo alisimama mlangoni mwa nyumba yake, aproni kiunoni, mikono ina masizi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile alikuwa anamtazama mwanawe usoni. Akidi akayashusha macho yake kizingitini, akaona tawi changa lililobanduliwa gome, limelowa, limelazwa kwa uangalifu, na juu yake yai moja jeupe.

"Hii mti haioti Kampala," Okullo alisema. "Ojera alinitumia kwa basi. Ya kwanza alituma mti ingine, mjinga yule. Ya pili ndiyo ilifika jana. Vua viatu."

Bonny hakusogea. "Mzee," aliuliza polepole, "hii ni kwa sababu umeshindwa kesi?"

"Hapana." Okullo alitikisa kichwa. "Korti iliamuru chakula peke yake. Hii yai, hakuna mtu aliniamuru."

Bonny akainama, akafungua kamba za viatu, akavua na soksi. Akainua mguu wa kulia. Yai lilipasuka kwa sauti ndogo ambayo Akidi aliisikia vizuri kabisa, kisha hakusikia kingine, maana alikuwa amefungua kinywa na kupiga vigelegele kwa nguvu zake zote, koplo wa trafiki na sare yake, na nyuma yake wanawake wa kambi wakavipokea wakavirusha mpaka chini kwenye nyumba za reli. Okullo alimshika mwanawe mkono kwa mikono yake yote miwili yenye masizi, akamvuta ndani, na Bonny akapita mlangoni kwa baba yake akiacha nyayo za ute wa yai sakafuni.